Hiyo "L" Kwenye Matokeo Yako ya Damu: Ulilinganishwa na Nani?

Kila wiki inboksi yangu inaingia angalau picha moja ya matokeo ya maabara. Mtu amepimwa damu, amelipa, amepewa karatasi, na badala ya kumuuliza daktari anamtumia msee wa kutengeneza video. Juu kabisa ya karatasi kuna WBC. Kando ya namba kuna herufi L ama H. Na swali huwa lile lile: "Buda, hii ni mbaya?"

Niseme mapema, mimi si daktari. Niliacha chuo mwaka wa pili, na hata huko sikuwa nasomea mambo ya damu. Kazi yangu ni kusoma historia ya vitu tulivyozoea kuviamini bila kuuliza. Hii karatasi ni mojawapo. Hiyo L imetokana na kulinganisha: namba yako imewekwa kando ya namba za watu fulani, wa mahali fulani, na kwa miaka mingi watu hao hawakuwa sisi. Ukijua hilo hutageuka daktari, lakini utajua swali la kuuliza.

Kwanza, karatasi yenyewe

WBC ni chembe nyeupe za damu, wale askari wa mwili. Ukiona 5.2 na kando yake alama ya 10 yenye 9 ndogo juu, hiyo ni chembe bilioni 5.2 katika lita moja ya damu. Maabara nyingine huandika 5,200, yaani idadi kwenye mikrolita moja, ambayo ni sehemu moja ya milioni ya lita. Ni kitu kile kile, kwa hivyo usishtuke karatasi mbili zikionekana kama zinabishana.

Chini ya WBC kuna makundi matano. Nyutrofili ndizo nyingi kwa mtu mzima, na ndizo hukimbilia bakteria kwanza. Limfosaiti hushughulika sana na virusi na kumbukumbu ya kinga. Monosaiti hula takataka na vijidudu. Eosinofili hupanda mtu akiwa na minyoo ama mzio. Basofili huwa chache mno.

Kila kundi lina namba mbili: asilimia na idadi kamili. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Mtu akiwa na WBC 3.0 na nyutrofili asilimia 70, ana nyutrofili 2.1. Mwingine ana WBC 12.0 na asilimia hiyo hiyo 70, lakini nyutrofili zake ni 8.4. Asilimia moja, hali mbili tofauti kabisa. Angalia idadi kamili kwanza.

Na vitabu vingi vitakuambia WBC ya kawaida ni 4.0 hadi 11.0, na nyutrofili zisishuke chini ya 1.5. Shika hizo namba mbili, 4.0 na 1.5. Stori yote iko hapo.

Vile binadamu alianza kuhesabu askari wake

Chembe nyekundu zilionekana kwa hadubini tangu karne ya 17. Nyeupe zilichelewa kupata heshima, kwa sababu ni chache na hazina rangi. Mwaka 1843 Gabriel Andral kule Ufaransa na William Addison kule Uingereza, kila mtu kivyake, waliandika kwamba hizi chembe hubadilika mtu akiwa mgonjwa. Miaka miwili baadaye, 1845, John Hughes Bennett wa Edinburgh na Rudolf Virchow wa Berlin wakaelezea wagonjwa waliokufa damu yao ikiwa imejaa chembe nyeupe kupita kiasi. Virchow ndiye aliupa ugonjwa huo jina ambalo mpaka leo linatisha: leukemia, kwa Kigiriki "damu nyeupe".

Lakini kuona si kuhesabu. Karl Vierordt, Mjerumani, alichapisha njia ya kuhesabu chembe za damu mwaka 1852, na ilikuwa kazi ya kuchosha ya saa nyingi kwa sampuli moja. Baadaye vikaja vioo vyenye miraba midogo iliyochorwa: unaweka tone la damu iliyochanganywa na dawa ya kuua chembe nyekundu, unahesabu nyeupe mraba kwa mraba, halafu unapiga hesabu. Kioo hicho bado kiko kwenye maabara zetu nyingi. Umeme ukipotea na mashine ikigoma, mtaalamu anarudi kwenye hadubini na miraba yake.

Majina ya makundi nayo yalitoka kwenye viwanda vya nguo. Paul Ehrlich, akiwa kijana tu, alichukua rangi za kutia vitambaa akazimwaga kwenye damu iliyokaushwa juu ya kioo. Kuanzia 1879 akaonyesha kwamba chembe nyeupe si kabila moja. Zilizopenda rangi nyekundu ya eosini akaziita eosinofili. Zilizoshika rangi zisizo asidi wala besi, yaani za katikati, zikawa nyutrofili. Hilo jina geni kwenye karatasi yako maana yake ni "inapenda rangi ya katikati". Basi.

Kazi ya chembe hizo ilieleweka kupitia mwiba. Mwaka 1882, kule Messina, Sicily, Elie Metchnikoff alidunga mwiba wa waridi ndani ya kiluwiluwi cha kiti cha pweza, mdudu wa bahari ambaye mwili wake unaonyesha ndani kama kioo. Kesho yake alikuta chembe zimeuzunguka mwiba zikijaribu kuumeza. Akasema: hizi ni askari. Wengi walimcheka. Mwaka 1908 yeye na Ehrlich waligawana Tuzo ya Nobel.

Halafu akaja Mmarekani Wallace Coulter. Alipitisha chembe moja moja kwenye tundu dogo lenye mkondo wa umeme. Kila chembe ikipita, umeme unatikisika kidogo, na mashine inahesabu hiyo tikisiko. Husimuliwa kwamba tundu lake la kwanza alilitoboa kwa sindano ya moto kwenye karatasi ya nailoni ya pakiti ya sigara. Hati yake ya uvumbuzi ilitolewa 1953. Mashine nyingi zinazotema karatasi zetu leo ni wajukuu wa wazo hilo.

Mashine ikarahisisha kuhesabu. Lakini haikujibu swali gumu: ngapi ni za kutosha?

"Kawaida" hupatikanaje?

Watu hudhani kuna mahali Mungu aliandika kwamba binadamu awe na WBC 4.0 hadi 11.0. Hakuna. Kipimo cha kawaida hutengenezwa hivi: unatafuta watu wenye afya, angalau 120 kwa utaratibu unaotumika sana siku hizi, unawapima, unapanga namba zao kutoka chini hadi juu, halafu unakata. Asilimia 2.5 ya chini na asilimia 2.5 ya juu unaziacha nje. Asilimia 95 iliyobaki katikati ndiyo inaitwa kawaida.

Soma tena hapo. Watu wote waliopimwa walikuwa na afya. Lakini 5 kati ya kila 100 watapata L ama H kwa sababu tu ya vile mstari ulikatwa. Ndiyo maana mwaka 1969 Wafini wawili, Ralph Gräsbeck na Nils-Erik Saris, walipendekeza tuache neno "kawaida" na tuseme "thamani za marejeleo". Maana yake: hii ni ya kulinganisha, si hukumu.

Sasa ongeza swali la pili. Hao watu 120 walitoka wapi? Kama wote walikuwa wa Boston ama London, na wengi wao wenye asili ya Ulaya, mstari wako umekatwa kwa damu yao. Ukipima damu ya mtu wa Kakamega kwa mstari huo, unapima urefu wa mtu kwa rula iliyokatwa kwa kipimo cha mwingine.

Stori inahamia kwetu

Dalili kwamba rula ina shida zilionekana zamani. Mwaka 1941 watafiti Marekani waliripoti kwamba wafanyakazi Weusi wenye afya zao walikuwa na chembe nyeupe chache kuliko Wazungu. Mwaka 1971 jarida la Lancet la London lilichapisha makala ya A. G. Shaper na P. Lewis kuhusu upungufu wa nyutrofili wa kurithi kwa watu wenye asili ya Afrika. Shaper hakuwa mgeni huku: alikuwa amefanya kazi miaka mingi Makerere, Kampala. Wengine walibisha. Labda ni chakula, walisema. Labda ni vimelea. Angalia vile mawazo yalikwenda: Mwafrika akitofautiana na kitabu, kwanza anatafutiwa ugonjwa ama umaskini.

Jina walilolipa hali hiyo lilisema yote: upungufu wa nyutrofili "wa kikabila usio na madhara". Yaani hauna madhara, hauna dalili, wako nao mamilioni ya watu, lakini bado unaitwa upungufu. Upungufu ukilinganisha na nani?

Jibu lilikuja kupitia mlango mwingine. Mwaka 1950, Uingereza, kulikuwa na mgonjwa wa kutoganda damu aliyeongezewa damu mara nyingi. Mwili wake ulitengeneza kinga dhidi ya kitu fulani kilichokuwa juu ya chembe nyekundu alizopewa. Kitu hicho kikapewa jina lake la ukoo: Duffy. Miaka michache baadaye ikaonekana kwamba Wamarekani Weusi wengi hawana Duffy kabisa kwenye chembe zao nyekundu. Na mwaka 1976 Louis Miller na wenzake wakaonyesha kwa nini hilo ni muhimu: kimelea cha malaria kinachoitwa Plasmodium vivax hutumia Duffy kama mlango wa kuingilia. Hakuna mlango, hakuna kuingia kirahisi.

Fikiria hiyo. Mababu zetu, kizazi baada ya kizazi, walibeba badiliko dogo la jeni lililofunga mlango huo. Mwaka 1995 wanasayansi wakalipata badiliko lenyewe: herufi moja tu ya DNA, mahali pa kuwasha jeni ya Duffy kwenye chembe nyekundu. Afrika kusini mwa Sahara watu wengi sana wanalo.

Sasa funga hesabu. Mwaka 2008 na 2009, tafiti za jeni kwa Wamarekani wenye asili ya Afrika zilionyesha kwamba badiliko hilo hilo la Duffy ndilo linaloeleza kwa sehemu kubwa kwa nini WBC zao huwa chini. Si chakula. Si uvivu wa uboho. Nyutrofili zinatengenezwa, kinga inafanya kazi, na watu hawa hawaonekani kuugua maambukizi zaidi ya wengine. Utafiti wa baadaye unaelekeza kwamba nyutrofili zao huondoka kwenye damu haraka na kwenda kwenye tishu. Mashine huhesabu askari walio barabarani tu. Walioko kambini haiwaoni.

Na tafadhali, hii si stori ya rangi ya ngozi. Hesabu za chini za aina hii zipo pia kwa Waarabu fulani na Wayahudi wa asili ya Yemen. Na sisi wenyewe Wakenya hatufanani: kuna walio na Duffy na wasio nayo. Ni jeni, si sura. Ndiyo maana mwaka 2021 madaktari Lauren Merz na Maureen Achebe waliandika katika jarida la Blood wakitaka lile jina la "kikabila" liachwe. Siku hizi wengi husema hesabu ya nyutrofili inayohusiana na kutokuwa na Duffy. Ni ndefu, lakini haimwiti mtu mzima mgonjwa.

Pia usitoke hapa ukitupa neti. Malaria inayotusumbua Kenya kwa kiasi kikubwa ni ya falciparum, na hiyo haijali Duffy. Hata vivax imeshapatikana kwa watu wasio na Duffy.

Rula mbaya ina gharama

Mtu atasema, sawa, historia tamu, lakini inanihusu nini? Chukua klozapini. Ni dawa ya skizofrenia inayosaidia wagonjwa ambao dawa nyingine zimeshindwa. Mwaka 1975, Finland, baadhi ya wagonjwa walikufa baada ya nyutrofili zao kuporomoka, na dawa ikaogopwa. Iliporuhusiwa Marekani mwaka 1989, ilikuja na sharti la kupimwa damu mara kwa mara. Sharti lilikuwa na maana. Lakini lilitumia rula moja kwa wote. Mgonjwa ambaye tangu azaliwe nyutrofili zake ni 1.3 angeweza kunyimwa dawa, ama kuachishwa, kwa kosa la kuwa vile alivyo. Ilichukua mpaka 2015 kwa mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, kuweka kiwango tofauti kwa watu wa aina hii: waanze dawa wakiwa na 1.0, si lazima 1.5. Kutoka 1989 hadi 2015. Hesabu hiyo miaka kwa maisha ya mtu anayesikia sauti kichwani.

Huku kwetu gharama ilionekana kwenye majaribio ya chanjo ya virusi vya ukimwi. Watafiti walipotaka kuandikisha watu wenye afya Afrika Mashariki, viwango vya Marekani vilikuwa vikiwaita wengi wao wagonjwa. Utawezaje kujua kama chanjo imemdhuru mtu, kama hujui damu yake ya kila siku ikoje? Kwa hivyo wakapima upya. Mwaka 2008 vikachapishwa viwango kutoka Kericho. Mwaka 2009 ukatoka utafiti mkubwa wa watu zaidi ya 2,000 wenye afya kutoka Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia, wakiwemo wa Kilifi na Nairobi. WBC zao za kawaida zilikuwa 3.1 hadi 9.1. Nyutrofili 1.0 hadi 5.3.

Rudi kwa zile namba nilikuambia ushike. Mtu mwenye WBC 3.4 na nyutrofili 1.2: kwa kitabu cha nje ana L mbili. Kwa rula iliyokatwa kwa damu ya majirani zake, yuko ndani. Na ona upande wa juu pia. WBC 10.5 kwa kitabu ni sawa tu. Kwa mtu ambaye huwa na 3.5 siku zote, hiyo ni mara tatu ya kawaida yake, na pengine mwili unapigana na kitu. Rula mbaya hutisha wazima, na inaweza kuficha wagonjwa.

Mbona basi bado naona picha zenye 4.0 hadi 11.0? Kwa sababu mashine hufika na viwango vyake, na kuvibadilisha kunahitaji mtu aamue, apime watu wa hapa, na alipie kazi hiyo. Maoni yangu: kama tunaweza kununua mashine ya mamilioni, tunaweza kubadilisha safu moja kwenye karatasi. Namba zetu zimechapishwa tangu 2009. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo leo ni tineja.

Sasa ufanye nini na karatasi yako

Usichukue hii stori ukaifanya dawa. Kuna L ya kweli. Virusi vinaweza kushusha WBC kwa siku kadhaa. Dawa fulani, matibabu ya saratani, upungufu wa vitamini B12, na magonjwa ya uboho pia. Nyutrofili chini ya 0.5 ni hatari kwa yeyote, awe na Duffy ama asiwe nayo. Na mtu aliye kwenye matibabu ya saratani akipata homa ya digrii 38, anaenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Na H pia si lazima iwe balaa. Maambukizi ya bakteria huipandisha, lakini pia ujauzito, sigara, dawa za steroidi, na hata mazoezi makali kabla ya kupimwa. H peke yake si tiketi ya kwenda kemisti kununua antibiotiki.

Swali linaloulizwa kwa sauti ya chini: WBC chini ni ukimwi? Hapana, kipimo hiki hakijibu hilo. Virusi vya ukimwi hujulikana kwa kipimo cha virusi vya ukimwi, na kinapatikana bure kwenye vituo vya serikali. CD4 nazo ni aina moja tu ya limfosaiti, na hupimwa kivyake. Usikae wiki tatu bila usingizi kwa sababu ya herufi moja wakati jibu la kweli ni kipimo cha dakika 20.

Ukiwa mbele ya daktari, uliza haya bila kuogopa. Hiki kiwango kilichochapishwa kando ya namba yangu ni cha watu wa wapi? Nyutrofili zangu kwa idadi kamili ni ngapi? Kuna kitu nilichotumia ama ugonjwa wa juzi unaoweza kueleza hii? Turudie baada ya wiki chache kabla ya kuamua? Daktari mzuri hatakasirika. Wengi wanayajua haya yote, ni foleni tu haiwapi nafasi ya kukuambia.

Na la mwisho, ambalo halina gharama: piga picha kila matokeo yako ya damu, yaweke kwenye folda moja kwenye simu, hata yale ya siku ulipokuwa mzima kabisa. Namba ya leo ikikaa kando ya zako za mwaka jana na mwaka juzi, inasema mengi kuliko ikikaa kando ya za wageni. Kama umekuwa 3.3 kwa miaka mitano, hiyo ndiyo damu yako, na mababu zako walikuwa na sababu. Kama ulikuwa 7 na sasa ni 3.3, rudi hospitali.